Seva Tatu za Kariakoo na Sauti ya Somoe

Niliondoka Songea kwa sababu ya seva. Ndivyo nilivyowaambia watu. Mama Hansa, tajiri wa vitambaa Kariakoo, alikuwa amefungua maduka matatu, Kariakoo, Buguruni na Mchikichini, tangu biashara ilipoachiwa huru, na kila duka lilikuwa na seva yake, kompyuta kuu ya kutunza mauzo. Zote hupeana taarifa za mauzo na zinatakiwa kugawana kazi. Ya Kariakoo ilikuwa inaelemewa, nyingine zimekaa tu. Kila asubuhi Somoe, binti wa Lindi anayezitazama, alinipigia simu mimi, fundi wao, kunisomea mzigo wa kila moja. Mwaka mzima niliisubiri sauti ile kuliko chai. Sikuwahi kumwona. Nilikwenda kumwambia nataka kumuoa.

Njiani, Makambako hadi Mikumi, niliyapanga maneno. Abiria wa pembeni alishajua kwamba nina diploma ya kompyuta ya Pune, India, niliyojilipia kwa kuuza mitumba Mchikichini.

Kariakoo, asubuhi. Mama Hansa aliitikia shikamoo yangu akaniingiza chumba cha nyuma. Somoe alinitazama juu hadi chini.

"Kumbe ndiyo wewe? Kwenye simu unasikika mnene."

Tulicheka, nikashika kazi. Chanzo nilikiona upesi: wauzaji wa Buguruni na Mchikichini walikuwa wameunganisha kompyuta zao na seva ya Kariakoo, wakiamini mauzo yanayopita karibu na tajiri ndiyo yanayoonekana. Fundi mwingine angewafokea. Mimi nilitunga programu inayozigawia seva kazi na kujisimamia yenyewe. Kufikia adhuhuri mistari mitatu ya mzigo ilikuwa sawa kwenye skrini.

"Basi kesho nikupigie nikuambie nini?" Somoe aliuliza, bila kugeuka.

Nilimjibu kitaalamu kwamba hakuna haja tena, kazi yangu hairudiwi. Akazungusha waya wa simu kidoleni.

Wakati wa kurudi, basi lilikuwa limeshapita Morogoro nilipoelewa alichokuwa ananiuliza.

Songea, wiki iliyofuata, nilipiga mwenyewe. Alipokea Mama Hansa. Alisema Somoe amehamishiwa Buguruni kuuza vitambaa, maana seva hazihitaji tena mtu wa kuzitazama. Nikaomba namba ya huko.

"Ya nini, mwanangu? Mashine ni nzima kabisa. Kweli umefanya kazi ya diploma."

Nilimshukuru, nikakata simu. Ndugu zangu wa Songea, anayekwenda Dar na neno moyoni aliseme kwanza, ndipo afungue kisanduku cha vifaa.