Rupia ya Shangazi wa Kishapu

Sarafu yangu ya kwanza ilitoka kwenye mguu wa cherehani. Cherehani yenyewe nilikuwa nimeinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anahama mtaa wa Kambarage, na ilikuwa imeshapita mikono mingi kabla ya yake. Siku pedali ilipoanza kulia nilimwita fundi. Alipofungua nati akakuta kwamba mahali pa washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, mtu wa zamani aliweka senti kumi ya wakoloni, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu zikilizunguka. Fundi akaweka washa mpya, akataka kuitupa ile senti. Nikamwomba aniachie.

Sikujua kwa nini naitaka. Niliiweka kwenye kopo la vifungo, na kila nikitafuta kifungo naikuta, naishika kidogo, naendelea na kazi. Baadaye mteja akaacha senti hamsini yenye sungura kwenye mfuko wa koti la marehemu baba yake, nikamrudishia, akasema baki nayo, inanunua nini siku hizi. Hapo nikaanza kuuliza watu. Mwaka mzima nilikusanya chochote kilichokuwa duara na kizee. Mume wangu ni mchimbaji mdogo huko Geita, na kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, kuna watu wa kila nchi jirani, kwa hiyo kila akirudi likizo alikuwa ananiletea sarafu za Burundi, za Kongo, za Uganda. Nyingine nilinunua sokoni kwa bei ambayo sasa nikiikumbuka naona aibu. Na zote nilizisugua kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa kama sufuria mpya.

Aliyenisimamisha alikuwa mteja wangu, mzee mmoja mstaafu wa benki anayeishi Ibadakuli. Alikuja kupunguzisha kiuno cha suruali, akaona kopo langu. Alitoa senti ishirini moja yenye mbuni, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha taratibu. Akaniambia nimeiharibu. Ile rangi ya kahawia niliyoiona kuwa uchafu ndiyo iliyokuwa ngozi yake, na ngozi ikishasuguliwa hairudi. Kisha akaniuliza ninakusanya nini hasa. Nikamwambia, sarafu za zamani. Akasema hilo si jibu, ni sawa na mtu aje dukani kwangu aseme anataka nguo.

Jibu lile lilinikaa. Nilipima kama ninavyopima kitambaa kidogo: mwenye mita moja hakati gauni refu. Nikaamua kukusanya sarafu zilizowahi kutumika nchi hii tu, moja ya kila aina, ile nzuri kuliko ninazoweza kupata. Za nchi jirani nikazigawa. Nikajiwekea na sharti la pesa: sarafu zitanunuliwa kwa malipo ya kubadilisha zipu peke yake. Zipu ndiyo kazi ninayoichukia kuliko zote, na malipo yake ni madogo. Niliona ni haki anasa yangu ilipiwe na kazi ninayoichukia, isiguse ada wala unga.

Ajabu ni kwamba tangu nilipojibana hivyo ndipo nilipoanza kufurahi. Sarafu zinazotumika sasa, ile yenye kifaru na mwanawe, ya swala, ya simba, ya nyati, sikuhitaji kuzinunua kabisa. Mweka hazina wa kanisani, mama mpole asiyeuliza maswali mengi, alikubali nipekue sadaka ikishahesabiwa, nichukue iliyo safi na kuweka nyingine ya thamani ileile. Nilikuwa nakaa naye saa nzima nikigeuza sarafu moja moja, na nikipata swala ambaye pembe zake hazijafutika narudi nyumbani kama niliyepewa zawadi. Za senti nilizipata kwa wauza mboga na kwa bibi mmoja aliyezitumia kuchezea bao.

Nilizishonea kitabu. Mara ya kwanza nilitumia ile nailoni laini ya vitambaa vya meza ili zionekane, mzee wa Ibadakuli akaniambia nailoni hiyo itazifanya ziote ukijani. Nikafumua yote. Nikashona upya kwa pamba, vimifuko vidogo vyenye vifuniko, na juu ya kila kifuniko nikatarizi jina la sarafu kwa uzi mwekundu. Vile ambavyo sarafu zake sikuwa nazo navyo nikavitarizi. Kimoja kiliandikwa "rupia", maana ndiyo sarafu ya Mjerumani, na nilitaka kitabu kianzie kwake.

Huku kwetu rupia haishikiki. Si kwamba hazipo. Zipo, kwenye masanduku na shingoni mwa vikongwe, ila kila mwenye nayo amesikia kuwa kuna tajiri mahali fulani anayeinunua kwa mamilioni, kwamba ina madini ndani, kwamba ukiiweka karibu na mchele inauvuta. Hakuna aliyewahi kumwona tajiri huyo, lakini wote wanamjua mtu aliyemwona. Ukimuuliza mtu bei ya rupia, anakutazama kama mwizi.

Na rupia iliyokuwa karibu nami kuliko zote ilikuwa ya shangazi wa mume wangu, Kishapu. Aliivaa shingoni kwa uzi wa ngozi, kama alivyoivaa mama yake. Upande mmoja ilikuwa na mfalme mwenye kofia ya chuma, juu ya kofia ametua ndege. Walipotoboa tundu la kupitisha uzi walimtoboa ndege kifuani. Shangazi huyu ndiye aliyemlea mume wangu. Ni mwanamke wa maneno machache na msimamo mwingi, anayelima pamba yake mwenyewe na kuwajua ng'ombe wake kwa hatua zao. Mara nyingi nilipokwenda kumsalimia macho yangu yalikuwa yanateremka kifuani pake, nami nayapandisha kwa nguvu. Sikuwahi kumwomba. Nilijua akinipa, ataninyima kitu kingine, sijui kipi, ila ningekihisi.

Siku moja alimwagiza dereva wa bodaboda aniambie niende. Nilifika asubuhi, nikampigia magoti, shikamoo shangazi, akaitikia marahaba, kisha akaongeza mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwao, kama afanyavyo akiwa na furaha. Alinipa kigoda. Akanieleza kwamba mnadani Mhunze alikutana na vijana wawili wenye pikipiki na kimashine cha kupimia. Waliitazama rupia yake wakashtuka. Walimtajia bei ambayo ingejenga nyumba ya bati na kubakiza. Ila kwanza lazima ipimwe vizuri kwa dawa maalumu, na gharama ya dawa ni ya mwenye mali. Wangerudi mnada unaofuata. Alikuwa anafikiria kuuza mtamba mmoja.

"Wewe ndiye unayesomea mambo haya," akasema. "Nimekuita uniambie. Ni kweli?"

Ningependa kuandika kwamba nilijibu mara moja. Sikujibu mara moja. Nilikuwa nimeshamuuliza mzee wa Ibadakuli kuhusu rupia yenye tundu, kwa siri, kama mtu anayeulizia mahari ya binti asiyejua kwamba anaposwa. Alinieleza kuwa ni fedha nzuri, lakini tundu limeiua, na mkusanyaji hawezi kutoa zaidi ya bei ya doti mbili tatu za kitenge. Kwa hiyo nilijua. Na nilijua pia kwamba bei hiyo, kwa miezi kadhaa ya zipu, ningeiweza.

Nikamwambia si kweli. Nikamweleza kwamba mashine ile ni ya kudanganyia watu, hakuna dawa ya kupima sarafu, na mtamba akishatoka zizini hatarudi. Nikamtajia na bei yake halisi.

Akaishika rupia kwa vidole viwili.

"Na wewe unaitaka?"

"Naitaka, shangazi. Siku nyingi."

"Basi ndiyo maana unaiteremshia bei."

Kila nililoweza kusema lilikuwa la kweli na kila moja lilinisaidia mimi. Nilimwambia sitainunua, hata akiniuzia, ila anisikilize kama mtoto wake. Akasema amesikia. Akanipa maziwa ya mgando, akanisindikiza mpaka njiani, na hakuniita mwanangu kama kawaida yake.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mume wangu Geita. Alipata nafasi ya kuzungumza baada ya kelele za karasha, mashine za kusagia mawe, kupungua. Alimpigia shangazi yake jioni ileile. Aliponirudia aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyegombezwa, kwamba shangazi amemwuliza kwani yeye anachimba nini huko shimoni miaka yote, si mali ambayo hajaiona? Na ni kweli. Ameshauza mbuzi wetu mara mbili kwa ajili ya duara lililotoa mawe matupu.

Mtamba akauzwa. Wale vijana walikuja na pikipiki yao mpaka nyumbani, wakamwaga maji fulani kwenye sahani ya mchele, wakaizungusha rupia, wakasema imelala, inahitaji dawa ya pili ya kuiamsha. Shangazi akawapa na akiba yake ya pesa ya pamba. Wakaenda kuleta dawa, hawakuonekana tena, Mhunze wala kwingine. Hata simu haikupatikana. Rupia waliiacha kwenye sahani. Hiyo ndiyo iliyoniuma nilipohadithiwa: wale wezi walijua thamani yake kama nilivyoijua mimi.

Nilikaa wiki mbili bila kwenda. Nilijiambia nina sare za shule za kushona, na kweli nilikuwa nazo, lakini nilichoogopa ni uso wangu. Nilihofia ungesema "nilikuambia" hata kama mdomo umefungwa. Nilipokwenda, nilimkuta anachambua choroko. Hatukuzungumzia mtamba. Nilikaa chini nikachambua naye. Baada ya muda mrefu akavua uzi shingoni, akaiweka rupia kwenye ungo, juu ya choroko, upande wangu.

"Chukua," akasema. "Imenichosha."

Hakuna sarafu niliyowahi kuitaka kama niliyoitaka ile kwa dakika ile. Nilikiona kimfuko changu kilichotariziwa. Lakini nilimwona na yeye, shingo yake imebaki na mstari mweupe mahali pa uzi, na nikajua nikiichukua leo, yale aliyonishuku yatakuwa kweli, hata kama si kweli. Nikasema hapana, shangazi, ivae.

Akakasirika. Aliniuliza kama sasa hata ya bure siitaki, kama imekuwa na mkosi. Nikaona nimemkosea mara ya pili. Nikamwambia naitaka sura yake tu. Nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja na penseli. Nilichana karatasi, nikaiweka juu ya rupia, nikaanza kupaka penseli kwa ubavu. Karatasi ikateleza. Shangazi akasogea, akaikandamiza kwa vidole vyake vilivyochanika na pamba, akaniambia nipake polepole. Ikatoka kofia, ikatoka pua, yakatoka masharubu, akatoka yule ndege mwenye tundu kifuani. Shangazi aliinua karatasi akaiweka mbali na macho yake. Akasema miaka yote amembeba mwanamume huyu kifuani na hakujua kuwa ana masharubu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, na mle ndani ya kicheko nikasikia ameniita mwanangu.

Karatasi ile niliikunja nikaitia kwenye kimfuko. Mzee wa Ibadakuli alipoiona alisema, kwa upole wake, kwamba hiyo haihesabiki, mkusanyiko ni wa sarafu si wa michoro. Huenda ana haki. Alinionyesha na rupia yake ya ziada, isiyo na tundu, akaniambia naweza kulipa kidogo kidogo. Nimeifikiria. Mwaka ule pesa ya zipu yote ilikwenda kwenye mchango wa ndugu wa kumnunulia shangazi mtamba mwingine, na sitadanganya kwamba nilitoa kwa moyo mweupe. Kila noti niliyoitoa niliijua ingenunua nini. Sasa kopo la pesa ya zipu limeanza kujaa tena na bado sijamwendea mzee. Nikikifungua kitabu, mkono unakwenda kwenye karatasi kwanza.

Shangazi bado anaivaa. Tangu siku ile amejifanya wakala wangu Kishapu nzima. Anawauliza watu wa mnadani, na kila baada ya muda basi linaniletea kifundo cha kitambaa: mara senti tano ambayo ninayo tayari, mara kifuniko cha betri, mara kijisahani cha chuma kisichojulikana kilitoka kwenye nini. Juzi alinitumia kizibo cha soda kilichogongwa kikawa bapa, akapiga simu kuuliza kama kimefika na kama ni cha Mjerumani. Nikamwambia kimefika, shangazi, ila cha Mjerumani siyo. Akasema ataendelea kutafuta.