Nikirudi S'takuwata

Wifi yangu Dhahabu sijamsamehe, na wanaonihubiria nimsamehe wajiangalie wao kwanza.

Mume wangu Abdulhakim alikuwa akifanya kazi Arabuni. Barua hakuandika, alituma kanda. Ya mwisho alisema, "Khairiya, nikirudi s'takuwata." Kwetu kuwata ni kuacha; s'takuwata ni sitakuacha. Niliisikia mwenyewe kwa zile spika zake kubwa za mbao, wazi kabisa. Halafu spika zikaungua, fundi mmoja akazitengeneza, nikamlipa. Abdulhakim hakurudi. Alifia huko huko.

Siku ya hitima, nyumbani Jomvu Kuu, nikawawekea wanawake kanda wasikie sauti yake. Ile s haikutoka. Dhahabu akaangua kicheko. "N'takuwata! Kumbe kaka yangu alikuwa aja kukupa talaka!"

Miaka tisa nikaitwa mjane wa talaka. Nilijaribu redio ya kaseti ya jirani, ikaitafuna kanda. Ikaungwa kwa gundi, nikaogopa kuigusa tena.

Mwaka huu nikazipeleka spika kwa Garama, fundi wa Magongo, kibanda chake ubavuni mwa kinu cha unga. Mtu wa Kaloleni, maneno yake machache, mkaidi kama punda. Alifungua kasha, akaguna.

"Mama, aliyezitengeneza aliziba tundu tu. Hii twita ya plastiki, kispika kidogo cha juu, imekufa zamani. Na krosova, hiki kibao kinachogawa sauti, nzito iende chini, nyembamba ipande kwa twita, kapasita zake zimevimba."

"Herufi s yakaa wapi?"

"Kwa twita."

Nilikaa kitako pale pale.

Akatafuta twita za zamani zinazolingana, akabadilisha kapasita, akajaribu kwa taarifa ya habari. Mtangazaji akapuliza kama nyoka.

"Wacha hivyo hivyo!" nikamwambia. "Dhahabu asikie!"

"La, mama. Hivi kila neno lina s. Wifi yako atasema tumeitia sisi."

"Wewe fundi au kadhi?"

Siku mbili nzima anabadilisha vile vidude vya kupunguza nguvu ya twita, kimoja atoa, kingine atia, sikio kwenye kasha. Nilimtukana, akaendelea. Hata mtangazaji akawa mtu, s ni s, n ni n.

Ijumaa baada ya sala nikawaita wanawake wale wale, na Dhahabu mbele. Garama alileta spika mwenyewe.

"Kanda ikikatika, mama, sina dawa."

"Weka."

Ikaanza kukwaruza. Abdulhakim akakohoa. Akamsalimu mamake, akauliza bei ya samaki. Ikafika penye gundi, sauti ikazama, ikawa nzito kama ya mlevi. Kisha ikanyooka.

"Khairiya, nikirudi s'takuwata."

Ikakatika tap!

Dhahabu akavuta buibui. "Wifi, siku ile tulisikia vibaya."

"Tulisikia na nani? Ulicheka peke yako. Sema alivyosema."

"Alisema s'takuwata."

"Walio mlangoni hawakusikia."

Akasema tena, kwa sauti, na machozi yakamtoka. Wengine wakaniambia, "Basi, bi Khairiya, yatosha."

Nikamtilia chai Garama. Dhahabu akajitilia mwenyewe.