Kucha Aingia Kazini na Watoto

Shangazi yangu anafukuza panya kwenye maghala, na ole wako umwambie kwamba hiyo si kazi. Ana wafanyakazi wawili: Kucha, paka wa madoadoa, na Sajini, mbwa mfupi mwenye kiburi kuliko kimo chake. Kucha hupenya kati ya magunia akawatimua panya, Sajini huwangoja mlangoni. Akiachwa peke yake, Sajini ni hasara tupu, maana huyararua magunia akidhani panya wamo ndani.

Asubuhi ile tulitakiwa kwenye ghala la mahindi, kubwa kuliko yote anayohudumia. Msimamizi alishasema: leo mkishindwa, kesho namwita mtu wa sumu. Na Kucha je? Alikuwa amezaa juzi tu, na hakutaka kuwaacha wanawe hata kwa dakika.

"Basi twende nao," Shangazi akasema, akabeba boksi zima.

Msimamizi alicheka hadi akaegemea mlango. "Mama, hili ni ghala au kliniki?"

"Cheka tu baba, kicheko hakilipiwi."

Akaliweka boksi juu ya mizani, akapiga bati kwa fimbo. Panya mmoja mnene akachomoka, akapita chini ya mizani. Mama yangu! Kucha alifyatuka! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Panya wakamwagika kutoka kila pembe, wakakimbilia mlangoni, na mlangoni yuko nani? Sajini! Kamata, tupa, kamata! Kucha akawa anarudi mbio kwenye boksi, ananusa wanawe, kisha vitani tena. Mimi nilikuwa juu ya magunia nikishangilia mpaka sauti ikanikauka. Msimamizi alikuwa juu ya meza, suruali kaikunja magotini.

Vumbi lilipotulia, akashuka taratibu.

"Mama, nimesalimu amri. Kazi ni yako. Wiki ijayo mje tena."

"Wiki ijayo haji. Ananyonyesha."

"Lakini mama, panya..."

"Mimi nilikuwa nashona magunia humu humu. Nilipojifungua nikarudi, nikakuta mtu kwenye kiti changu. Wewe mwenyewe uliniambia kazi haingoji." Akalibeba boksi kifuani. "Hii itangoja."

Msimamizi akainamisha kichwa, akamfungulia mlango.

"Mwezi mmoja, mama?"

"Miwili."