Gaga Nyuma ya Sikio

Nasema mapema, ili mtu asije akanihurumia bure: sikuwa mtu mwema mwaka ule wa ndui, na sikutaka kuwa. Wema wangu niliuzika pamoja na mdogo wangu wa kike, na aliyenichimbisha kaburi lile alikuwa akikaa mlango wa pili kutoka kwangu, hapa hapa mtaa wa Kiponda, akinywa chai yake kila alasiri.

Uso wangu una mashimo ya ndui tangu utotoni. Ndui ile ilimchukua mama yetu, mimi ikaniachia alama, na mdogo wangu, aliyekuwa bado wa kubebwa, haikumgusa. Kwa kuwa aliyekwisha kuugua haugui tena, nilipokuwa mtu mzima mtaa ulinifanya muuguzi wake. Nilikuwa nikiwalaza wagonjwa juu ya majani ya mgomba ili ngozi zao zisigande na mkeka, nikiwanywesha uji na kuwafukuzia nzi. Watu wa serikali walikuwa na vibanda vyao vya makuti nje ya mji, na wakipata habari ya mgonjwa huja kumchukua. Wengi waliopelekwa huko hatukuwaona tena. Basi mtaa ukaona bora tujichunge wenyewe, na tulijichunga kweli, si kwa mzaha.

Nyumba ikiingia ndui, mlangoni hutundikwa tawi la mwarobaini. Tawi likiwapo haingii mtu wala hatoki mtu, na chakula huwekwa kizingitini. Magaga ya mgonjwa, yale maganda makavu ya vidonda yanayobeba ndui, yakishapukutika, naingia mimi. Nalowesha kidole, namsugua mwili mzima, kuanzia nyuma ya masikio mpaka baina ya vidole vya miguu. Nikiridhika, namwogesha kwa maji ya mwarobaini, mkeka wake unachomwa moto, na tawi naliondoa kwa mkono wangu. Hakuna mwingine aliyethubutu kuligusa, hata mwenye nyumba.

Jirani yangu huyo nilikuwa nikimwita mama. Alinifunza kupika, alinisuka nywele siku niliyoolewa, na mume wangu alipofariki alikuja kulala nami eda yote. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nilimchukia kwa kuwa simjui. Nilimjua mpaka kikohozi chake.

Mwezi mmoja kabla ya arusi ya binti yake mkubwa, kitinda mimba wake, mtoto wa kike wa miaka minne, alishikwa na ndui. Bi arusi akapelekwa kwa shangazi yake, tawi likatundikwa, nami nikauguza. Mungu akajaalia mtoto akapata nafuu. Lakini siku za hina zilikuwa zimekaribia na magaga yalikuwa bado mikononi na mgongoni. Nilimwambia yule mama aahirishe arusi. Akasema, "Inshallah." Siku mbili baadaye, saa kumi alasiri, akaniita.

Nilimkuta amefunga madirisha ati kwa sababu ya jua. Mtoto alikaa juu ya kiti, kavishwa kanga mpya, ananukia asumini na liwa, ule mti wa manukato unaosagwa, kapakwa liwa mwili mzima kama yeye ndiye bi arusi.

"Nshamwogesha mwenyewe, mwanangu," akaniambia. "Ngozi laini utadhani kazaliwa jana. Njoo ututolee tawi letu."

"Ngoja nimsugue kidogo," nikasema.

"Utamharibia liwa yake! Mimi nikuongopee wewe?"

Nikacheka. Kisha akaongeza, "Na mdogo wako aje kesho na hina yake. Bi arusi kasema hataki mwingine."

Hapo ndipo aliponipata. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minane, na mkono wake katika kupaka hina ulikuwa mwepesi ajabu, lakini hakuna aliyewahi kumpa bi arusi. Alikuwa akijipaka mwenyewe, akijifuta, akijipaka tena, akiingoja siku hiyo. Basi kidole changu hakikulowa. Nilishuka ngazi, nikaling'oa lile tawi mlangoni kwa mkono wangu huu, nikaenda mbio nyumbani kumpa mdogo wangu habari njema.

Alikwenda alasiri tatu. Yule mtoto alimpenda, akawa hamtoki mapajani, amemshikia kibakuli cha hina. Arusi ikafana. Watu wakaisifu hina kuliko pilau.

Siku ya kumi na mbili mdogo wangu akaanza homa. Chanjo ya serikali alikuwa amechanjwa mara moja, haikushika, na hatukurudia. Nilimuuguza siku kumi na moja kwa kila nilichokijua, na nilichokijua hakikufaa kitu. Nilimwosha mwenyewe. Ncha za vidole vyake zilikuwa bado nyekundu kwa hina ya watu.

Matanga yalipoanuliwa, yule mtoto akaja kucheza uani kwangu. Akauona msio wangu wa kusagia liwa, akaupigapiga kwa kiganja.

"Mama alinipaka hii kwenye magaga," akasema, "ili wewe usiyaone."

Nilimpa kipande cha mkate, nikamrudisha kwao. Kisha nikaingia chumbani, nikauma mto ili sauti yangu isitoke nje.

Asubuhi yake nilimkuta mama yake kibarazani kwake. Sikumpa shikamoo, na tangu siku hiyo sikumpa tena. Nilimuuliza kama ni kweli. Hakukana.

"Nilidhani maji yatatosha," akasema. "Kila mgonjwa ukimwogesha, unasema yamekwisha. Nami nikamwogesha. Nikadhani yamekwisha."

Lo! Alidhani! Miaka yote ananiona nikiwatazama watu ngozi zao kama mnunuzi wa karafuu, yeye akaona beseni tu. Na kama alidhani kweli, ile liwa ilikuwa ya nini? Nilimuuliza hilo pia. Akatazama chini.

Ningeweza kupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Sikupiga. Nilikula yamini kimoyomoyo kwamba siku yake itafika, na itakapofika nitakuwa karibu.

Ndui haikuondoka mjini mwaka ule. Ilikuwa ikilala na kuamka, na mwezi wa nane tangu ile arusi ikamwingia yeye mwenyewe. Mume wake akahamia dukani kwake Darajani. Yule mtoto akapelekwa kwa bibi yake. Watu wa mtaa walipokuja kunibishia hodi, walikuja watatu, wakiniogopa, hawajui waanzie wapi. Niliwaambia, "Tundikeni tawi, nakuja."

Nilimuuguza vizuri. Andikeni hivyo, maana wapo waliosema nilimtilia sumu. Majani ya mgomba nilikuwa nikimbadilishia asubuhi na jioni, uji nikimnywesha kijiko kwa kijiko, macho nikimwosha ili yasipofuke. Nilimwambia alipopata fahamu kwa nini nafanya vile.

"Ukifa utanikimbia," nilimwambia. "Na mimi sitaki unikimbie."

Aliniomba radhi siku ile. Mgonjwa akikuomba radhi, desturi ni kumjibu umemsamehe, duniani na akhera, hata kama moyo hautaki. Mimi nilichukua bakuli, nikatoka.

Akapona. Uso wake ukawa kama wangu. Magaga yakapukutika moja moja, nami nikayaokota yote kwa kitambaa nikayachoma. Siku lilipoanguka la mwisho, alikaa mwenyewe juu ya mkeka, mgongo wima, akasema, "Nishapoa. Nisugue."

Binti yake alikuwa karibu kujifungua, mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mwanamke hujifungulia kwa mama yake. Alikwisha kutuma salamu kutoka shamba, Bububu, kwamba anakuja. Yule mama alikuwa na jambo hilo moja tu akilini. Alikuwa akihesabu siku kwa vidole vyake vilivyojaa mashimo.

Nililowesha kidole. Nilimsugua mikono, mgongo, shingo, polepole, na kila mahali palikuwa safi. Nikafika nyuma ya sikio la kushoto. Safi. Nikasimama kidole changu kikiwa pale pale, nikamkumbuka mdogo wangu na vidole vyake.

"Bado," nikasema. "Liko gaga moja nyuma ya sikio."

"Moja?"

"Moja linatosha. Wewe wajua."

Nikafunga mlango, nikalitengeneza tawi vizuri pale juu, nikaenda kwangu nikala chakula changu chote. Nilikuwa sijala hivyo tangu msiba.

Juma moja baadaye binti yake akafika, tumbo mbele, mkono kiunoni, akasimama chini ya lile tawi. Mimi nilikuwa kizingitini naweka sahani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Mama yangu keshapona?"

Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Yeye hakuwa amenikosea kitu, hakujua habari ya liwa wala ya magaga. Nilijua hayo yote wakati ule ule, si kwamba nimeyajua leo.

"Bado," nikasema. "Rudi Bububu. Ukiingia humu na mimba hiyo, sitakujibia mbele ya Mungu."

Akalia pale mlangoni, akaweka kiganja juu ya ubao. Akaita, "Mama!" Nilisikia mtu akipumua nyuma ya mlango, karibu kabisa. Kisha binti akageuka, akaondoka, akishika ukuta kwa mkono mmoja.

Alijifungulia Bububu, mikononi mwa mama mkwe. Siku mbili za uchungu, tuliambiwa, na mtoto akatoka kwa shida, wa kike. Habari ile niliipeleka mimi nilipopeleka chakula. Niliisema kupitia mlangoni. Kila juma nilikuwa nikiingia, nikilowesha kidole, nikisema bado. Yeye alikuwa akisema, "Haya." Mtaa ulinisifu kwa uangalifu wangu. Ebo! Walinisifu! Nami nilipokea sifa zile, nikazitia mfukoni.

Tawi likakauka. Majani yakapukutika, kikabaki kijiti.

Arobaini ya uzazi ilipokwisha, binti akaja, si kwao bali kwangu. Alikaa kwenye mkeka wangu, akafunua kanga, akanionyesha mtoto.

"Nimempa jina la marehemu," akasema, akalitaja jina la mdogo wangu. "Alinipaka hina akiniimbia, nikiogopa yeye ananichekesha. Nilisema, nikipata wa kike, jina lake hili."

Nilimtazama yule mtoto, na jina lile likiwa bado chumbani, halijatajwa mle tangu tulipolizika. Binti akadhani ni furaha, akanishika goti.

Niliinuka. Nikaenda mlango wa pili, yeye nyuma yangu, nikaufungua. Yule mama alikuwa amekaa hapo hapo ndani, nyuma ya ubao wa mlango, juu ya kigoda. Sakafu pale ilikuwa imekwisha kuchimbika kwa miguu ya kigoda.

"Njoo nje nikusugue," nikamwambia.

Akatoka. Jua lilimuumiza macho. Watu walikuwa wanapita, wakasimama, nami sikuwazuia, nilitaka wamwone. Nilimsugua pale kichochoroni, kila kidole, kila mkunjo, kama nilivyopaswa kumsugua mwanawe. Nilipofika nyuma ya sikio, akasema kwa sauti ya kunisikia mimi tu:

"Hapana kitu hapo. Nilipapasa siku ile ile."

"Ukajua naongopa?"

"Nikajua."

"Kwa nini hukutoka? Mwanao alikuwa akilia hapa!"

"Ningetoka, ningekutazama vipi?"

Miezi miwili nilidhani namfunga, kumbe anajifunga mwenyewe, na kisasi changu kakichukua akakigeuza kuwa toba yake. Hata hicho kaninyang'anya! Niling'oa kile kijiti, nikakivunja vipande viwili, nikamtupia miguuni.

"Mpe mjukuu wake," nikamwambia binti. "Na umwambie jina."

Binti akampa mtoto, akamtajia. Yule mama alifungua mdomo aliite, halikutoka. Akajaribu tena. Mara ya tatu likatoka, nusu, na sauti ikamkatika, akakaa chini palepale kwenye mawe na mtoto kifuani. Nami nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Niliona: sasa utaliita kila siku ya maisha yako, uani, dirishani, ngazini, ukimpa uji na ukimfokea. Hakuna gereza ningeweza kumjengea kubwa kuliko lile.

Binti alikaa kwa mama yake miezi mitatu. Kila asubuhi, mapema, dirisha la nyumba ile ya pili lilifunguliwa, na sauti ya yule mama ikaliita jina la mdogo wangu, kwa upole, kama nilivyokuwa nikiliita mimi nikimwamsha. Asubuhi ya kwanza nilikaa kitako kitandani nikasikiliza, nikisubiri sauti imkatike. Ilimkatika. Asubuhi ya pili pia. Asubuhi ya tatu haikumkatika, na kabla sijajijua nilikuwa nimeitika, "Naam," kama alivyokuwa akiniitikia yeye.

Tangu siku hiyo nalifunga dirisha langu mapema.