Tembe la Mama na Bati Langu

Jumatatu ya pili ya Novemba, mwaka juzi, tulibomoa tembe la mama yangu kule kijijini Zuzu, ili nimjengee nyumba ya bati. Kazi iliisha kabla ya saa sita mchana. Nyumba niliyozaliwa na kukulia ndani yake ilimalizwa na vijana wanne wenye sururu, na mimi ndiye niliyewapikia uji.

Mama aliomba kitu kimoja tu. "Niachieni chumba cha mwisho," alisema. "Hicho kimoja. Nitafugia kuku."

Nilijua si kuku. Ndicho chumba alicholala tangu alipoolewa, chenye ukuta mnene na kidirisha cha kupitisha ngumi mbili. Nikamwambia, "Mama, watu wakipita barabarani wataona bati huku na tembe huku. Watasema nimeishia njiani." Mama akaenda kuokota miti ya paa iliyokuwa imeanguka, akaipanga pembeni, mirefu kwa mirefu, mifupi kwa mifupi.

Mimi niliishia darasa la saba. Napika chakula cha wanafunzi wa chuo mjini, upande wa Chimwaga, na nimepanga chumba Nzuguni, huko huko mjini. Jikoni tuko watu wa mikoa mingi. Siku moja mwenzangu aliniuliza, "Eti kwenu watu wanalala chini na mbuzi wanalala juu ya paa?"

"Hatuwapandishi," nikajibu. "Wanapanda wenyewe."

Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani, na nadhani tembe lilianza kubomoka siku hiyo.

Kwa asiyelijua, tembe ni nyumba ya udongo, ya chini, yenye paa bapa. Juu ya ukuta hulazwa miti, juu ya miti fito, juu ya fito udongo, hata mtu anaweza kutembea juu yake na kuanika mtama. Mchana wa Oktoba ukiingia ndani unakuta giza na ubaridi, na maji ya mtungi yanatia meno ganzi. Usiku wa Julai, upepo ukiuma nje, ukuta unarudisha joto la mchana taratibu. Shida yake ni paa. Kila mwaka kabla ya mvua lazima mtu apande akalikandike upya, la sivyo linavuja.

Nyumba niliyomjengea mama haikuvuja. Ilikuwa ya tofali za saruji na bati, na madirisha mawili makubwa yalitazama barabara, yaani upande wa machweo. Sitamsingizia fundi. Aliniuliza kama tuweke baraza mbele, nikasema itaficha madirisha. Aliniuliza kuhusu silingi bodi za kuzuia joto la bati, nikasema mwakani. Mgunga uliokuwa ukitupa kivuli uani niliukata mimi, kwa sababu lori la mchanga lilikosa pa kugeuzia.

Siku mama alipohamia, nilipita kwa jirani yake, mjane wa umri wake ambaye namwita mama mkubwa. Nilikuwa nimejaa maringo. "Mama mkubwa," nikamwambia, "na wewe hili pango lako utalibomoa lini?"

"Liache," akasema. "Likiniangukia, mtakuwa mmeokoa kazi ya kuchimba kaburi."

Tangu hapo, kila nilipotaka kwenda kumwona mama nilipiga simu kwanza. Nilidhani ni adabu. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye kochi nililomnunulia, khanga imemnata mgongoni, uso umelowa, naye anatabasamu.

"Mama, humu kuna joto."

"Bati jipya lina moto wake, mwanangu. Litapoa."

Nilikaa saa mbili, nikajipepea kwa kipande cha boksi, nikaondoka. Nikiwa njiani nilijisikia mtoto mwema.

Alifariki Oktoba ya mwaka jana. Siwezi kusema joto ndilo lililomuua. Daktari alisema ni moyo, na moyo wake ulikuwa ukimsumbua tangu zamani. Nasema tu niliyoyaona baadaye.

Siku ya mazishi watu walikuja wengi, na turubai lilichelewa. Ndani hakukukalika. Wanaume walisogeza viti kando ya ukuta wakifuata kivuli, mpaka kivuli kikaisha. Kisha wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja na mikeka yao, wakaenda kwa yule jirani. Niliwafuata kuwarudisha. Niliona aibu mama yangu aliliwe kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Niliinama nikaingia. Macho yalipozoea giza, nikaona mkeka wa mama umetandikwa kando ya ukuta, ule alioushona ukingo kwa uzi wa bluu. Pembeni kulikuwa na ungo wa karanga, nusu zimebanguliwa, nusu bado.

"Hapo ndipo alipokuwa akishinda," mama mkubwa akasema. "Saa nne anakuja, saa kumi na moja anarudi kwake."

"Kila siku?"

"Kila siku ya jua. Isipokuwa ukipiga simu kwamba unakuja. Hapo ananiambia, leo siji, leo nakaa kwenye nyumba ya mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama bila hasira. "Alinikataza. Alisema ulijinyima sana. Na wewe nyumba hii si uliiita pango?"

Nilikaa kwenye mkeka. Nilipoinua macho nikaona miti mitatu ya paa iliyo myeusi kuliko mingine, yenye masizi ya moshi wa jiko letu. Mama alikuwa amempa jirani ile miti aliyoiokota, azibie sehemu za paa zilizooza. Kumbe mchana alikuwa akijinyoosha chini ya paa lake mwenyewe.

Nimewahi kufikiri, laiti ningekwenda hata mara moja bila kupiga simu. Ningemkuta pale, tungegombana kidogo, pengine ningeweka hiyo silingi bodi, au angalau baraza. Sikwenda.

Mvua zilipokaribia nilirudi Zuzu. Nyumba ya bati niliikuta imefungwa, na sikuifungua. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkubwa, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza nani anamkandikia paa mwaka huu.

"Mwaka jana mama yako alinikanyagia udongo," akasema. "Mwaka huu sijapata mtu."

Nikavua viatu. Tulikanyaga udongo uani, kisha nikapanda, yeye akawa ananipa ndoo kutoka chini. Nilipofika upande wa ile miti mitatu akaniita.

"Usikanyage katikati, utatoboa. Kanyaga juu ya mti wenyewe."

Nikarudisha mguu, nikatafuta mti kwa unyayo mpaka nikaupata. Nikamwaga udongo, nikausawazisha kwa kiganja, nikamteremshia ndoo tupu.