Walituuliza Kwa Nini Hatuchezi

Swali lilikuwa ukutani, kwa herufi kubwa, kwenye mwanga wa projekta: Kwa nini wanawake wa pwani hawashiriki michezo?

Nililisoma nikadhani macho yangu yamekosea. Nikalisoma tena. Nikahisi joto linanipanda kutoka tumboni hadi masikioni, lile ambalo marehemu mama yangu alikuwa akiliona usoni mwangu na kuniambia nikanywe maji kwanza, ndipo niseme.

Sikunywa maji.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli mjini Lindi. Walikuwapo watafiti kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, wakiongozwa na daktari mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, anayeandika kila kitu anachoambiwa. Na nilikuwapo mimi, mwalimu wa michezo wa sekondari, mkazi wa Rasbura, niliyealikwa kama mshirika kutoka kwenye jamii. Kazi yetu ilikuwa kupanga utafiti wa kuongeza ushiriki wa wananchi katika michezo. Tupange pamoja. Neno "pamoja" lilirudiwa kwenye mwaliko mpaka nikalipenda. Nilikubali kwa moyo mweupe kabisa, nikijua ni kijiji gani nitakachowapeleka.

Kijiji hicho kiko kaskazini mwa Lindi, ukishapita Mchinga. Ndiko nilikoolewa. Mimi ni mtu wa Newala, mbali na pwani, na nilipofika ukweni mara ya kwanza nilikuwa naogopa bahari, samaki wabichi na mawifi, kwa mpangilio huohuo. Wifi yangu mkubwa, dada yake mume wangu, aliniangalia kuanzia miguuni akaniuliza, "Unajua kurusha mpira?" Nikasema najua. Jioni ileile akanichukua nyuma ya shule ya msingi.

Kulikuwa na uwanja wa netiboli pale. Si uwanja wa kupiga picha: udongo mwekundu uliokanyagwa ukawa mgumu, nguzo mbili za mikoko zenye pete za nondo, na pande zote ua wa michongoma uliopanda juu kuliko kichwa cha mtu. Ule ua ndio uliokuwa siri ya uwanja. Baada ya swala ya alasiri wanawake walikuja na mabaibui yao, wakiingia ndani wanayatundika kwenye miba, wanabaki na suruali na fulana, na hakuna mwanamume anayewaona. Walikimbia kama watu waliofunguliwa kamba. Walikuwapo wenye wajukuu. Walikuwapo wenye vichanga, waliowalaza kwenye kanga pembeni na kwenda kuwanyonyesha mpira ukitoka. Wifi yangu alicheza ulinzi, na kiwiko chake nakikumbuka hadi leo.

Huo ndio uwanja uliochukuliwa. Mkandarasi wa barabara alihitaji mahali pa kuweka kokoto na mitambo, mtendaji wa kijiji akampa ule wa wanawake. Uwanja wa mpira wa miguu, ule wa vijana, haukuguswa. "Ni kwa muda tu," mtendaji aliwaambia. Katapila likaung'oa ua kwa asubuhi moja. Nguzo za goli zilitupwa mtaroni. Muda ukapita, kokoto zikabaki, na wanawake wakarudi kukaa majumbani alasiri.

Sasa hapa, ukumbini, kuna watu wananiuliza kwa nini hawachezi.

"Wanacheza," nilisema. "Au walikuwa wanacheza, mpaka uwanja wao ulipogeuzwa yadi ya kokoto. Swali lianzie hapo."

Daktari aliandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Mwalimu, nashukuru sana. Lakini suala la ardhi ni la kiutawala. Sisi tunaangalia mtazamo. Mwamko. Kwa nini mama wa pwani haoni michezo kama sehemu ya maisha yake."

"Anaiona. Ameondolewa pa kuichezea."

Kijana mmoja wa timu yake, aliyekuwa anatafuna korosho, akaingilia kwa nia njema kabisa, na hiyo nia njema ndiyo iliyonichoma zaidi. "Lakini si mna ufukwe, dada? Ufukwe mrefu ule! Watu wanautafuta huko duniani."

Nilimtazama. Nilimwaza wifi yangu, mtu mzima aliyehiji, akiruka kudaka mpira mbele ya madalali wa samaki na mabaharia waliokaa juu ya ndoo zao wakimwangalia mapaja. Nilitaka kumweleza. Lakini maneno yalitoka vibaya: "Mama yako mpeleke akacheze huko."

Daktari akasema tupumzike kwa chai.

Jumamosi nilipanda basi dogo nikaenda kijijini. Nilimkuta wifi yangu uani anakuna nazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha mkono. Nikamweleza yote, na wakati naeleza nilitegemea atanisifu. Badala yake aliinuka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia, uso umembadilika.

"Na wewe umekaa nao?"

"Nimewajibu, wifi."

"Umekaa nao, umekunywa chai yao, umerudi kutuambia kwamba sisi hatuna mwamko." Akasema hilo neno "mwamko" kana kwamba anatema mbegu. "Mimi nilikuwa naamka alfajiri, napika, naenda shambani, narudi, naswali, nacheza mpira. Wanataka niamke saa ngapi?"

Akarudi kukaa, akakuna nazi kwa nguvu mpaka nikahofia vidole vyake. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Waambie waje. Waje wapange hapa, tukiwapo. Si walisema pamoja?"

Nilirudi nikamwambia daktari. Kwa haki yake, alikubali mara moja, hata akafurahi. Alisema kikao cha kupanga na wananchi kilikuwa tayari kwenye ratiba. Nilimsihi jambo moja: wanaokuja wasichaguliwe na mtendaji. Akasema utaratibu ni kupitia ofisi ya kijiji, lazima. Basi mtendaji akachagua, na wifi yangu hakuchaguliwa. Alikuja hivyohivyo, na wenzake wote wa netiboli nyuma yake, wakaingia darasani, shule ya msingi ileile, wakajibana kwenye madawati ya watoto.

Mtendaji alifungua kikao. Ni mtu mwenye maneno mazuri. Alisema kijiji chake kina bahati kupata wageni wasomi, akawaomba akina mama watoe ushirikiano na wasilete mambo ya pembeni. Halafu yule kijana wa korosho akagawa kadi za rangi. Kila kadi ilikuwa na kikwazo kimoja kilichokwisha kuchapwa: dini, mila, waume, kazi za nyumbani, uelewa mdogo. Wanawake walitakiwa kuzipanga sakafuni, kikwazo kikubwa juu, kidogo chini.

Mama mmoja mnene, aliyekuwa mfungaji wetu hodari, aliinua kadi ya waume akaigeuza huku na huku. "Huyu wangu ndiye aliyekata ile mikoko," alisema. "Ndiye aliyechimba mashimo ya goli. Sasa nimweke wapi?"

Wengine wakacheka. Wifi yangu hakucheka. Alikuwa ameinama anapitia kadi zote, moja baada ya nyingine. "Kadi ya uwanja iko wapi?"

"Ipo ya 'mengineyo', mama," kijana alisema. "Unaweza kuiingiza humo."

"Mengineyo?"

"Ndiyo, mama."

Wifi yangu alizikusanya kadi, akazilinganisha vizuri kama karata, akamrudishia mkononi. Kisha akatoka. Mfungaji akamfuata, na mwingine, na madawati yakaanza kulia sakafuni, mpaka darasa likabaki na wale waliochaguliwa na ofisi, nao wakatazamana, kisha wakanyanyuka pia.

Tuliwakuta nyuma ya shule. Jua lilikuwa la mchana kamili na vumbi la kokoto lilimetameta. Wanawake walikuwa wamesimama katikati ya malundo, kila mmoja mahali pake. Ilinichukua muda kuelewa. Mfungaji alisimama pale lilipokuwa duara la goli. Wa katikati alisimama katikati. Wifi yangu alikuwa amepanda lundo la kokoto, viatu vikizama, kwa sababu nafasi yake ya ulinzi ilikuwa chini ya lile lundo.

"Daktari," aliita kutoka juu, "umeuliza kwa nini sichezi. Nirushie mpira basi."

Mtendaji alikuwa anatoka jasho. "Bibi, shuka! Unaniaibisha mbele ya wageni!"

"Mimi ndiye ninayekuaibisha?" Sauti yake ilipasuka. Sijawahi kumsikia akipiga kelele kabla ya hapo wala baadaye. "Vijana wana uwanja wao, hukuugusa! Ukaona hapa ndipo pa kumwaga mawe, kwa sababu waliopo hapa ni wanawake, watakwenda nyumbani na kunyamaza! Tulinyamaza! Sasa unawaletea watu waje kutuuliza tuna ugonjwa gani!"

Niliangalia watafiti. Kijana alikuwa ameshika kadi zake kifuani. Daktari hakuwa anaandika. Alikuwa amesimama juani na mkoba wake, anamwangalia yule mwanamke juu ya mawe.

Kwenye gari, tukirudi Lindi, daktari alinigeukia. "Mwalimu, ungeniandaa."

"Nilikuambia siku ya kwanza. Mezani."

"Uliniambia kwa hasira."

"Ningekuambia kwa wimbo?"

Gari lilinifikisha Rasbura. Niliposhuka nilimwambia kwamba jina langu lisionekane kwenye mpango ule mpaka swali la kwanza libadilike, na mpaka wale wanawake wawemo kwenye kupanga, si kwenye kupangwa. Nilifunga mlango wa gari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mume wangu alisikia akiwa ndani.

Ilichukua wiki kadhaa za barua pepe, na katika kila moja nilifuta nilichoandika kwanza. Mwishowe daktari alikubali sehemu ya niliyotaka. Swali likawa kuhusu maeneo ya kuchezea: nani anayo, nani kanyang'anywa, nani anaamua. Neno "kanyang'anywa" wakalibadilisha kuwa "upatikanaji", nikapiga kelele, nikashindwa. Wifi yangu na mfungaji waliingizwa kwenye timu ya kupanga. Kikao kilichofuata kilifanyika uani kwake, na daktari alikaa kwenye mkeka kama sisi. Nilimheshimu kwa hilo. Sijamsamehe kabisa kuhusu zile kadi.

Kokoto je? Mkandarasi alizihamisha. Si kwa ajili yetu. Barabara ilifika mbele, naye akataka yadi iliyo karibu zaidi na kazi. Aliondoka bila kusawazisha kitu. Uwanja ulibaki na makorongo ya magurudumu, madoa ya dizeli, na mawe yenye ncha yaliyozama ardhini kila mahali. Ua haukuwapo tena. Ukianguka pale unaacha ngozi ya goti.

Kwa hiyo tunaokota mawe. Wanawake huja alasiri, na mimi huja ninapopata nafasi, tunainama kwa mstari na ndoo, tunafukua kwa majembe yaliyovunjika mipini. Wamepanda michongoma mipya, imefika magotini. Tumefunga maturubai upande wa njia, na upepo unayang'oa kila baada ya siku chache.

Safari iliyopita mtendaji alipita. Alisimama kwenye pengo ambalo zamani lilikuwa mlango wa ua, viatu vyake vimepigwa rangi, simu mkononi. Alitupiga picha.

"Hongereni sana akina mama," alisema. "Huu ndio moyo wa kujitolea tunaoutaka."

Hakuna aliyeinua mgongo. Wifi yangu, akiwa ameinama hivyohivyo, alisukuma ndoo tupu kwa mguu mpaka ikafika karibu na mtendaji.

"Shika," alisema.

Mtendaji akacheka, akasema ana kikao, akaenda zake. Ndoo ikabaki pale pengoni. Mimi nilikuwa na jiwe mkononi, kubwa, la kujaa kiganja. Nilimwangalia mgongo wake mpaka akakata kona ya shule, kisha nikalitupa ndooni kwa nguvu zangu zote.