Shamba Nililotaka Lionekane Tupu

Jana yake nililiacha shamba tupu. Mti mmoja, nyasi, ukungu, basi.

Asubuhi nikakuta kijiji.

Sitanii. Vibanda vya mabati vimesimama ndani ya ukungu, havina milango, havina madirisha, na migomba imechomekwa kila mahali mpaka kwenye njia ya ng'ombe. Nikageuka nyuma nikidhani nimepotea. Sikuwa nimepotea.

Tulieni niwasimulie, maana hasira ninayo mpaka leo.

Naitwa Efrazia. Nina studio ndogo Tarime mjini. Napiga harusi, kipaimara, misiba, pasipoti. Kazi inanilisha, sikatai, ila imenichosha. Kila siku bibi harusi katikati, keki katikati, na ole wako umkate mtu miguu.

"Dada, mbona viatu havijatokea? Hivi nimevifuata Sirari mpakani!"

Mimi nilitaka kupiga mandhari. Milima, ukungu, ukimya. Kitu ambacho hakikuulizi viatu vyake viko wapi.

Mwezi wa saba, mwalimu wangu wa picha akatangaza maonyesho. Anaitwa Benedicto, yuko Mwanza, ananifundisha kwa WhatsApp. Mada ilikuwa mandhari ya kipupwe, pasiwe na mtu hata mmoja kwenye picha. Watakaochaguliwa wangepewa kazi ya kupiga picha za kalenda kwenye kambi moja ya watalii huko Serengeti.

Nikasema hapa hapa. Nikichaguliwa, kwaheri keki.

Shida ikaanza kwenye masomo yenyewe. Picha zote za mfano zilikuwa za theluji. Wenzetu baridi yao inashuka kutoka mbinguni ikiwa nyeupe, inafunika uchafu wote, kazi yako ni kubonyeza tu. Baridi yetu sisi ni ukungu, upepo na makoti ya mtumba. Utaipigaje picha?

Nikazunguka mpaka nikapata mahali, mteremko mmoja upande wa Genkuru, si mbali na mgodi. Shamba limepumzishwa, nyasi fupi, na mti mmoja mkubwa wa mgrevilea umesimama peke yake. Ukungu ukipita pale asubuhi, moyo unatulia wenyewe.

Nikachukua chumba gesti. Alfajiri niko shambani na stendi yangu ya miguu mitatu, vidole vimekufa ganzi.

Picha ya kwanza nikamtumia mwalimu.

"Mti uko katikati," akajibu. "Gawa picha mara tatu, mti ukae kwenye theluthi ya pembeni. Futa hiyo."

Nikafuta. Kadi yangu ilikuwa imejaa harusi ya watu ambayo hawajaichukua, nafasi ilikuwa ya kubana.

Ya pili.

"Ardhi na anga umezipa nusu kwa nusu. Amua unataka ipi. Futa."

Ya tatu ikatoka ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, maana kamera ikiona weupe mwingi inachanganyikiwa. Nikaongeza mwanga. Mti ukapotea. Nikapunguza, ukungu ukawa moshi wa jikoni. Futa, futa, futa. Nilitamani kuitupa kamera kwenye migomba ya watu.

"Acha nafasi tupu," mwalimu akaandika. "Utupu ndio baridi yenyewe. Mti mdogo, pembeni, utupu mwingi."

Basi nikaanza kutafuta utupu. Ndipo nilipoharibu.

Akapita kijana mmoja na ng'ombe zake, jina lake Gidion. Shamba ni la mama yake, ambaye alikuwa amekwenda Mugumu kwa binti yake aliyejifungua.

"Dada, unapiga picha gani?"

"Napiga shamba."

"Na nani?"

"Bila mtu. Kaka, naomba utoe hao ng'ombe. Nataka lionekane tupu."

Akaniangalia. Akaangalia stendi.

"Tupu kabisa?"

"Tupu kabisa. Hata watu waambie wasipite huku."

Jamani, nimezaliwa Tarime. Nimekulia Tarime. Sijui akili yangu ilikwenda wapi siku ile.

Kwa asiyefahamu: maeneo ya karibu na mgodi, watu wakihisi tathmini ya ardhi inakuja, wanategesha. Yaani unawahi kusimamisha kibanda na kuchomeka miche ili fidia ikija ikukute na mali. Sasa akitokea mtu mgeni na chombo cha miguu mitatu, anapiga picha ardhi, anafukuza ng'ombe, anataka pasionekane kitu, ungekuwa Gidion ungefikiria nini?

Alifikiria hivyo hivyo. Na akawaambia wenzake.

Ndiyo hiyo asubuhi niliyoikuta.

Nikatembea katikati ya vibanda kama chizi, natafuta mti wangu. Watu wananisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona. "Karibu, afisa." Mama mmoja ananionyesha migomba yake: "Hii ni ya miaka mingi, andika." Mgomba wenyewe umelala upande.

"Mti uko wapi?" nikauliza.

Gidion alikuwa juu ya kibanda anapigilia bati. Akanijibu bila wasiwasi, "Tumeukata jana mchana, tumetoa mbao. Si ulisema unataka pawe tupu? Sisi tumejaza."

"Mura, wewe kijana, mimi ni mpiga picha! Napiga harusi!"

Nyundo ikasimama. Wakacheka wote, wakijua nawaficha. Afisa gani anayejitaja?

Siku ya mwisho ya kutuma picha ilikuwa hiyo hiyo. Sina mti, sina utupu, sina picha hata moja, na baridi inanitafuna mifupa.

Nikaenda kwenye kisiki. Kilikuwa bado kinatoa maji. Vibanda vimekizunguka pande zote. Nikatega kamera kwa hasira, kisiki katikati kabisa, ardhi nusu, anga nusu, mabati yamebanana kulia na kushoto, ukungu unapita juu. Kila alichonikataza mwalimu nikakifanya mara moja. Nikabonyeza. Nikatuma. Nikazima simu nikarudi mjini kwenye keki zangu.

Baada ya wiki Benedicto akanipigia anapiga kelele.

"Efrazia! Umechaguliwa! Kamati nzima imesimama. Kisiki katikati kabisa! Umevunja sheria zote kwa makusudi, huo ni ujasiri!"

"Mwalimu, sikuwa na pa kusogea. Mgongo ulikuwa umegusa bati la mtu."

Akacheka, akadhani natania. Nami nikamwacha adhani. Nilitaka ile kazi, niwadanganye ninyi ili iweje?

Nikafurahi, lakini furaha yenyewe ilinikaa vibaya, mithili ya kiatu cha kuazima. Wathamini hawakuja. Vibanda vikabaki vinapigwa na upepo.

Halafu akaja mama mmoja studio.

Mtu mzima, kajifunga kitenge mabegani, kashika mlango kama anayeogopa kuchafua sakafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mama yake Gidion. Waisiko."

Nikajua nimekwisha. Nikajiandaa kutukanwa, na nilistahili.

Hakutukana. Akakaa.

"Nimerudi kutoka Mugumu nimekuta mti umekatwa. Gidion nimeshamalizana naye. Wewe sijakufuata kwa ugomvi. Wameniambia uliupiga picha siku nyingi ukiwa bado umesimama."

"Ndiyo, mama."

"Ule mti aliupanda mume wangu mwaka alionioa. Yeye mwenyewe hakuwahi kupigwa picha, alikuwa hapendi. Nikitaka kumkumbuka nilikuwa natoka nje nautazama. Nipe picha yake moja."

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha ile iliyochaguliwa, ile iliyosimamisha kamati nzima.

Akaiangalia kidogo tu. "Hiki ni kisiki, mwanangu. Naomba zile za mwanzo."

"Zile zilikuwa mbaya, mama. Nilizifuta."

"Mti ulikuwa hauonekani?"

"Ulionekana. Ila ulikaa katikati."

"Ulionekana wote? Mpaka chini?"

"Wote, mama."

Akanitazama nimsaidie kuelewa ubaya ulikuwa wapi. Nikakumbuka nilimtumia Benedicto, na kwenye simu yangu nilishasafisha kila kitu kupisha picha za harusi. Nikampigia pale pale, nikaweka sauti ya nje ili mama asikie mwenyewe.

"Zile za mti?" Benedicto akasema. "Nilifuta zamani, zilikuwa zinajaza simu. Unazitakia nini takataka zile?"

Nikakata simu. Nilichelewa, mama alishasikia.

Mama Waisiko akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri.

"Basi, mwanangu. Asante kwa kutafuta."

Akatoka. Sikuweza hata kumsindikiza.

Kalenda naipiga, ndiyo. Serengeti naenda. Lakini kuna jambo nimelishika kwa maumivu, na nawaachia wote mnaoshika kamera, hata ya simu. Fundi atakufundisha picha nzuri ikoje, na wewe msikilize. Ila hawezi kukwambia ile mbaya nani atakuja kuililia. Usiwe na haraka ya kufuta.